Mpaka wa Matoka

Majina yao yote ninayo. Wanawake wa kwetu Bahati, wale wa Rongai, wale wa Karagita, naweza kuwataja mmoja mmoja, na baba zao na watoto wao wa kwanza. Lakini hapa sitamtaja hata mmoja, kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumba yangu, na wote bado tunaonana sokoni na kanisani.

Shamba letu linateremka kutoka barabarani hadi mtoni. Mzee wangu alipoona mwili umeanza kumwacha, aliligawa sehemu mbili. Upande wa juu ukawa wa kijana wetu mkubwa, upande wa chini wa yule mdogo. Hati ilibaki kwa jina lake mzee, maana alisema ya ofisini yatafuata, na hayakufuata hadi akafa. Alichofanya ni kile baba yake alimfundisha. Aliwaita majirani wasimame waone, akavuta kamba katikati ya shamba, yeye akichimba mashimo na mimi nikipanda matoka.

Itoka ni ua la porini. Majani yake ni marefu kama panga, na maua ni meupe yenye mstari wa rangi ya waridi. Kiazi chake ni kama kitunguu kikubwa, kinakaa chini sana, na hapo kilipokaa hakihami. Kwetu ukiona matoka yamesimama mstari, hupiti na jembe. Hakuna anayekufundisha, unakua tu ukijua.

Kijana mdogo hakulima kwake. Alienda Karagita kwa kazi ya maua, akaoa huko msichana wa kutoka magharibi ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye grinhausi. Waliishi chumba kimoja cha kukodi, wakapata wasichana wawili. Miaka hiyo yote ndugu yake mkubwa alilima sehemu zote mbili, akazoea. Halafu mdogo akaugua, akatuacha. Mkamwana wangu, yaani mke wake, akarudi na wasichana wake na godoro juu ya pikapu, akasimama mbele yangu na vumbi la safari. Akaniambia, "Mama, nimekuja kulima kwa mume wangu." Akaingia kwenye nyumba ndogo ambayo mume wake alikuwa ameijenga kule chini.

Yule mkubwa aliyezoea hakufurahi. Alimsalimu vizuri, akamwambia apumzike kwanza. Baadaye maneno yakaanza kutoka kidogo kidogo. Wewe bado ni msichana, utaolewa tena. Hawa watoto ni wasichana, ni wa kwenda. Kwani kwenu hamna shamba? Na msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia, na kwetu aliyepanda ndiye majirani wanasema ana shamba. Mkamwana akikosa msimu huo, ingekuwa kama hajawahi kuwa na chochote.

Sasa, sisi wanawake wa Bahati tuna kikundi. Kilianza na kabeji. Wanawake wa Karagita wanachuma maua yanayoenda ng'ambo, na hawana mahali pa kupanda hata shina moja la sukuma. Kwa hivyo kila Jumamosi tunawapelekea kabeji na viazi, wao wanauza mlangoni kwa ploti zao za vyumba vya kukodi watu wakitoka kazini. Wanawake wa Rongai wakaingia na mahindi na maharagwe. Kutoka kabeji tukajuana shida. Mama mmoja wa Rongai alipopigwa na mumewe hadi akatoroka, alifichwa Karagita. Wa Karagita walipofukuzwa kazi kwa sababu ya mimba, sisi wote tulienda kuketi nao pale ofisi ya leba, ya serikali ya mambo ya kazi, mpaka wakasikizwa. Na tukakubaliana jambo moja: mjane wetu yeyote hatalima peke yake msimu wake wa kwanza. Tunaenda wote na majembe, ile ngwatio ya zamani ya kulimiana kwa zamu.

Ilipofika zamu ya mkamwana wangu walikuja Jumapili, siku ambayo watu wa maua hawaendi kazini. Mama mmoja wa Rongai aliuliza kama mchungaji atatufukuza kanisani. Yule kiongozi wa Karagita, mama mnene mwenye sauti ya kujaza grinhausi, ambaye kazini ni supavaiza, akamjibu, "Mwambie tumeenda kuombea udongo." Na kweli tuliomba, kila mtu ameshika mpini wake. Kisha wakagawana. Wa Bahati na Rongai wakaanzia mtoni, wa Karagita wakaanzia juu, ili wakutane katikati. Mimi niliingia jikoni kwa mkamwana kupika, maana watu wengi hivyo hawalishwi na chai peke yake.

Nilipotoka na birika, moshi bado umenijaa machoni, nilitazama juu nikaona shamba moja.

Sijui kama mnanielewa. Siku zote nilipotazama juu niliona mashamba mawili na mstari wa kijani kati yao. Siku hiyo niliona udongo mtupu umesawazishwa kama kitanda cha maua, kutoka kwa mkamwana hadi kwa kijana wangu mkubwa, na pembeni rundo la majani yameanza kulegea.

"Mathe, tumekusafishia!" supavaiza aliniita. "Yale magugu marefu yalikuwa yamekula laini nzima. Yangekuwa kwetu kazini, mtu angefutwa leo!"

Niliweka birika chini, nikapanda hadi kwenye rundo, nikaokota moja. Lilikuwa limekatwa shingoni. Kiazi kilibaki chini.

Mama mmoja wa Bahati alifika nyuma yangu, akaweka mikono kichwani. "Uuuwi! Mmeng'oa mpaka wa watu!"

"Mpaka gani?" supavaiza akauliza.

"Hayo matoka! Nyinyi watu wa maua mnajua kukata tu!"

"Na nyinyi watu wa viazi si mngetuonyesha? Mlituita tukiwa mikono, macho mkabaki nayo nyinyi."

"Hata mtoto wa hapa haonyeshwi itoka!"

"Basi sisi si watoto wa hapa, mathe. Hilo mlijua mkitupigia simu."

Mkamwana wangu alikuwa amesimama katikati yao, matope hadi magotini. Alikuwa akitazama mdomo huu na mdomo ule. Yeye pia hakujua. Kwao mpaka ni ua wa miti, na mimi sikuwahi kumwambia, kwa sababu nani anaambia mtu kwamba mvua ni maji?

Hapo ndipo kijana wangu mkubwa alitokea juu, ametoka kanisani, tai bado shingoni. Hakupiga kelele. Alitoa simu akapiga picha rundo lile, akapiga picha udongo. "Asanteni sana akina mama," akasema, akatabasamu, akaenda. Afadhali angetukana. Tabasamu hilo nalijua tangu akiwa na meno ya kwanza.

Kesho yake alikuwa kwa chifu. Kung'oa mpaka ni kosa kubwa, na yeye alisema wameung'oa makusudi ili wasogee kwake. Alisema tena kwamba mpaka wa baba yake haukuwa pale juu hata kidogo, ulikuwa chini, karibu na choo cha mkamwana. Yaani mjane abaki na nyumba, choo, na ukingo wa mto unaojaa maji. Chifu akasema mtu yeyote asiguse udongo ule, wazee watatu watakuja Alhamisi waseme mpaka uko wapi.

Jioni hiyo kijana wangu alikuja kwangu. Nyumba yangu iko kwenye boma lake, hatua chache tu kutoka mlango wake. Alikuwa ameniletea dawa yangu ya presha, sukari, na pakiti ya maziwa, kama kawaida yake. Nisimdhulumu, hakuwahi kusahau dawa yangu. Akaketi kwenye kiti cha baba yake.

"Mathe, umeshindaje?"

"Nimeshinda."

"Wazee watakuuliza wewe. Wa siku ile ya kamba umebaki wewe peke yako."

"Wataniuliza."

"Nitawaambia macho yako siku hizi si kama zamani."

"Yanakuona wewe vizuri."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mathe, yule si mtoto wako. Mtoto wako uliyebaki naye ni mimi. Nani atakuzika?"

Aliinuka, na akiwa mlangoni akasema, kama mtu anayezungumza juu ya hali ya hewa, "Alhamisi asubuhi nitapitisha tinga hapo juu, kabla wazee hawajafika. Mvua haingoji mtu."

Tukaangaliana. Alikulia shamba lile. Akiwa mdogo nilimfinya sikio kwa kuchimbua itoka akitafuta kitunguu chake. Alijua kuna nini chini ya ule udongo, na tinga, yaani trekta, ikipita na plau yake ya chuma, vile viazi vingetawanyika hadi kwa jirani. Na alijua najua.

Dawa niliimeza. Ningefanya nini? Ilikuwa saa yake.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyekalia kaa la moto na hataki wageni wajue. Kikundi kilikuwa kinapasuka. Mwenyekiti wetu wa Bahati alisema wa Karagita wasije Alhamisi, wametosha kutuletea balaa, na hata kabeji za Jumamosi tutaona kama zitaenda. Supavaiza akanipigia simu. Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Mathe, tukikaa huku tutakuwa tumeharibu na kukimbia. Mimi nakuja. Kama ni kufutwa kazi, wanifute."

Nilienda kwa mkamwana. Alikuwa anasonga ugali, wasichana wake wamelala kifudifudi sakafuni na vitabu vya shule. Hakugeuka.

"Watu wananiambia nikuombe, Mama. Sikuombi. Nikikuomba nitakuwa nakuambia uchague mtoto mmoja." Aliendelea kusonga. "Lakini aliyelala pale chini ya mparachichi, yeye pia ulimzaa."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Ugali wako unaungua." Haukuwa unaungua.

Nikirudi juu nilipitia kwa mwenyekiti, nikamwambia neno moja, "Tinga inakuja Alhamisi asubuhi," nikaondoka kabla hajaniuliza mengine. Hilo niliona ni kama si kusema.

Alhamisi tinga ilinipata nikinywa uji. Nilisikia ikinguruma langoni, nikaweka kikombe. Nikatoka na kigoda changu, kile kifupi cha kuketi jikoni. Sikuwa nimeamua kitu. Nilikuwa nimebeba kigoda tu.

Shambani wanawake walikuwa wamefika. Wa Rongai wameketi wakipukuchua mahindi yao, wa Bahati na maharagwe yao, na supavaiza na wenzake wawili, bado na mabuti ya kazi. Walikuwa wamekuja kuzuia tinga, lakini hawakujua wazuie wapi. Mmoja ameketi juu sana, mwingine chini karibu na sukuma, mwingine peke yake katikati kama kuku aliyepotea. Kati yao ungepitisha tinga mbili.

Kijana wangu alikuwa amesimama kando ya dereva, akimwonyesha kwa mkono: pita hapa, zunguka yule, pita pale. Aliponiona akashuka kunilaki.

"Mathe, rudi nyumbani. Jua litakuumiza."

"Nimelizoea."

"Mathe."

Nilimpita. Nyuma yangu nilisikia tinga tu, wanawake wote walikuwa wameacha kupukuchua. Walikuwa wakitazama kigoda.

Sasa, nitautafutaje mstari kwenye udongo uliosawazishwa? Siku ile ya kupanda nilikuwa nimeinama tangu asubuhi, na kila nikinyoosha mgongo niliona msalaba wa kanisa juu ya miti ya ng'ambo. Nikishuka kidogo, hauonekani. Nikipanda kidogo, naona paa lote. Basi nikapanda, nikatazama. Miti imekua, Mungu wangu. Nikasogea kushoto. Msalaba ukatokea kwenye mwanya, peke yake, bila paa. Nikaweka kigoda chini, nikaketi, nikampa kijana wangu mgongo.

Supavaiza ndiye aliyefika wa kwanza. Akajishusha chini kando yangu, na mwili wake wote ule, akashika ukingo wa gauni langu kama mtoto.

"Ndipo, mathe?"

"Ndipo."

Wakainuka mmoja mmoja na mahindi yao na maharagwe yao, wakaja wakaketi kushoto na kulia kwangu, na mwenyekiti wetu wa Bahati akajibana kati ya wawili wa Karagita. "Songa," akamwambia mmoja, "watu wa maua mnakalia nafasi kubwa." Na yule akasonga. Mkamwana wangu alikuja mwisho. Hakuketi karibu nami. Aliketi mwisho kabisa wa mstari, uso wake kwenye mikono.

Dereva akazima injini.

"Washa!" kijana wangu akamwambia.

"Boss, mimi hapo silimi. Hao ni mama zangu."

"Ni mama zako kutoka wapi? Washa!"

"Washa wewe, basi," dereva akasema, akateremka, akaomba punje za mahindi atafune.

Hivyo ndivyo wazee walivyotukuta. Mkubwa wao, mwenye kofia na fimbo, alitembea mstari wote akitutazama kama anayekagua ng'ombe wa mnada, akasimama mbele yangu.

"Mama, wanasema wewe ulikuwepo. Mpaka wa mzee ulikuwa wapi?"

"Nimeukalia."

Kijana wangu alikuwa nyuma yao. "Mama ni mtu mzima," akasema kwa upole sana. "Anasahau."

"Ni nani walisimama siku hiyo?" mzee akaniuliza.

Nikawataja. Mmoja mmoja, na majina ya baba zao, na aliyekuja na mbwa, na aliyeshika mwisho wa kamba. Wote wako makaburini. Nilipotaja aliyeshika kamba, mzee yule alivua kofia yake, maana nilikuwa nimemtaja baba yake. Hakuwa akijua.

Akaninyooshea mkono niinuke. Kisha akachukua jembe kutoka kwa mama mmoja, na nilidhani atachimba yeye, lakini alimpa kijana wangu.

"Chimba wewe, mtu asiseme akina mama walifukia kitu."

Alipokea. Alivua koti, akalikunja, akaliweka chini taratibu, halafu akapiga jembe pale kigoda kilipokuwa. Udongo. Akapiga tena. Udongo. Akaniangalia, na mimi nikaanza kusikia presha masikioni, nikijiuliza kama ni miti iliyonidanganya, kama ningekosea kwa mkono mmoja tu na kuwanyang'anya watoto wa marehemu shamba kwa mdomo wangu mwenyewe. Supavaiza alinishika kiwiko kwa nguvu hadi kikauma.

Akapiga tena, na jembe likatoa sauti ya maji, kama kisu kikiingia kwenye kiazi kibichi.

Aliinama akafuta udongo kwa vidole. Kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto, na vitoto vyake vimekizunguka, na mizizi imeshika udongo mgumu ambao jembe la Karagita halikuufikia. Kijana wangu alibaki ameinama muda mrefu. Kutoka pale nilipokuwa niliona shingo yake tu, na shingo yake ni ya baba yake.

Kisha akanyooka. "Ni hapa," akasema. Si mimi niliyesema, ni yeye. Akaokota koti lake akaenda, bila kunitazama.

Mkamwana alipanda viazi msimu ule, na wasichana wake walimpelekea mbegu mfereji kwa mfereji. Mahakamani ameenda na wanawake watano nyuma yake, ili sehemu yake iandikwe jina lake, na hilo bado linaendelea, wanasema njoo kesho. Kabeji za Jumamosi zinaenda. Mvua iliponyesha matoka yalichipuka yenyewe, mstari mzima, na supavaiza alipokuja kupalilia aliyafungia kitambaa chekundu kimoja kimoja, akasema, "Haya sasa hata kipofu wa Karagita atayaona."

Mkamwana aliniambia nihamie kwake. Nilikataa. Nimewazaa wote wawili. Nilibaki kwenye boma la kijana wangu, na dawa yangu ananinunulia mkamwana. Kijana wangu alipita mlangoni kwangu asubuhi na jioni kama anayepita karibu na ukuta.

Msimu huu tinga ilikuja tena kulima kwake. Nilitoka na kigoda changu nikaketi nje, mbali, nikiwa nimeshika magoti. Ilishuka ikinguruma, udongo ukigeuka nyuma yake, na yeye akitembea kando. Ilikaribia matoka. Ikakaribia zaidi, hadi nikasimama. Akainua mkono, dereva akakata kona, tairi ikapita kando ya majani bila kuyagusa, ikapanda tena juu.

Jioni alipita mlangoni. Akasimama.

"Mathe, umeshindaje?"

"Nimeshinda."

Hakuingia. Lakini nilimsikia amesimama pale nje kwa muda kabla hajaenda.